Kibati Namba Kumi na Moja

Dada yangu, wewe unayesomewa haya au unayejisomea mwenyewe kwa kujificha, nianze na jambo ambalo Michenga nzima wanalijua: mimi ni mwoga. Sikuanza juzi. Nikiwa mtoto huko Mahenge nilikimbia radi nikawaacha mbuzi wa baba porini. Mpaka leo nikiona jongoo namwita mtu. Kwa hiyo ukidhani nakuandikia kwa sababu nilikuwa jasiri, umepotea njia. Nakuandikia kwa sababu niliogopa mpaka nikakaribia kuua mtu, na bado nikapona. Nimeshavuna mpunga mara tatu tangu siku zile, lakini nikisikia harufu ya ile dawa ya kuoshea sakafu ya hospitali, nageuza njia.

Kizazi changu kilishuka baada ya mtoto wa tano. Jina la ugonjwa sikulijua. Ilikuwa wakati wa kuvuna, mtoto hajamaliza hata miezi miwili, nami nimejitwisha mzigo wa mpunga kutoka shambani kwenda kwenye kichanja. Nikasikia kitu kinateremka. Nikashika, nikakuta nyama laini, ina joto, iko nje. Mama yangu wee! Nilidhani ni utumbo. Nikakaa palepale matopeni nikingoja kufa. Nilipoona sifi, nikakirudisha kwa mkono, nikafunga kitambaa, nikajitwisha tena mpunga wangu nikaenda. Sikumwambia mtu yeyote.

Nilikaa hivyo mwaka mzima na masika ya pili juu yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo, najua, lakini aliyetunga methali hiyo hakuwa na mama mkwe kama wangu. Nikikohoa, mkojo unatoka. Nikipiga chafya, unatoka. Kanisani nilihamia benchi la nyuma karibu na mlango. Nilikuwa na vitambaa sita vilivyochanwa kutoka kwenye kanga moja, navifua kabla watu hawajaamka, navianika ndani chini ya mkeka. Usiulize vilikuwa vinanukaje.

Mama mkwe alinusa. Siku moja tunapepeta mpunga uani, akamwambia mume wangu nami nipo palepale, "Tadei mwanangu, mke anayejikojolea ni mke au ni mtoto wa sita?" Tadei akachukua nyavu akatoka. Ni mtu wa maneno machache, mvuvi na mkulima, akikasirika anakwenda mtoni. Mwaka ule ndege wa mpunga waliondoka shambani, yeye akabaki analala huko kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kuamia ndege. Ndege hakuna, mume anaamia nini? Nikaelewa. Nikaanza kuhesabu siku zangu katika nyumba ile.

Kumbe alikuwa anajua, na alikuwa anatafuta. Alikuwa akipeleka kambale kuuza kwenye jiko la hospitali pale Ifakara, na dresa mmoja, msaidizi wa kufunga vidonda, akamwambia habari. Akarudi, akasimama mlangoni akiangalia baiskeli yake, siyo mimi, akasema, "Wanasema amekuja daktari. Wa... wa mambo ya akina mama walioshuka. Kesho nitakupeleka." Basi. Mwaka mzima nimeficha, kumbe nimemficha kuku yai lake.

Njia nzima nilikaa upande kwenye kariya ya baiskeli, na kila shimo nililia kimoyomoyo. Tadei akawa anashuka na kusukuma penye mashimo.

Nilidhani niko peke yangu duniani. Nilipofika kwenye baraza la hospitali nikakuta benchi limejaa wanawake, wote wamekaa kwa upande mmoja wa tako, kama mimi. Sikujua nicheke au nilie. Aliyekuwa karibu yangu alikuwa mama mnene kidogo, amejifunga ushungi, macho makali. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema naishi Michenga ila nimezaliwa Mahenge.

"Mpogoro?"

"Ndiyo."

"Alhamdulillahi! Nilikuwa natafuta mtumwa wangu wa kunichotea maji."

Nikajua huyu ni Mngindo. Kwa msomaji asiyejua, Wapogoro na Wangindo ni watani. Mtani akikutukana huruhusiwi kununa. Akija kwako akamkamata jogoo, huna pa kushtaki. Alichochukua kwa utani kimekwenda, na ukikidai, wewe ndiye mwenye aibu. Ukifa, yeye ndiye anayechekesha watu msibani. Nikamjibu, "Ndiyo maana nikasikia harufu hapa, nikadhani ni dawa, kumbe ni Mngindo." Tukacheka. Tulipocheka, wote wawili tukajikojolea, na benchi likalowa, tukazidi kucheka. Huyo ndiye Mwanahamisi wa Lupiro. Tangu mzigo ule wa mpunga sikuwa nimecheka.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu aliyekuja na Sista wake kutoka mbali, wiki ileile. Hawakujua Kiswahili. Dresa ndiye aliyetafsiri, lakini kwa kuwa ni mwanamume na mambo yenyewe ni ya siri, walitundika shuka, yeye akawa anasemea nyuma yake. Hatukumwona wala hakutuona. Sauti ilisema hivi: "Daktari anasema kuna njia mbili. Moja ni pete ya mpira, inaingizwa, inashikilia kizazi ndani. Ya pili ni kupasua na kushona. Daktari anasema hajui ipi inamfaa zaidi mwanamke anayerudi kuinama kwenye mpunga. Anaomba mmsaidie kujua. Asiyetaka anaweza kwenda, na atatibiwa vilevile kama kawaida."

Tukatazamana. Mganga anayesema sijui! Mwanamke mmoja aliondoka palepale. Mimi nilibaki, siyo kwa imani, kwa kukosa pa kwenda.

Sauti ikaendelea: daktari hatachagua, wala sisi hatutachagua. Kila mmoja atapewa namba, na kila namba ina bahasha iliyofungwa. Ndani ya bahasha imeandikwa mpira au kushona. Nani achague basi? "Bahati tu," ikasema ile sauti. "Daktari akichagua, atawapa wenye nguvu kisu na wadhaifu mpira, halafu hatajua kilichoponya ni nini." Nililielewa neno hilo. Naomba ukumbuke kwamba nililielewa, kwa sababu baadaye nilifanya kana kwamba sikuelewa.

Tukatobolewa vidole, tukatolewa damu ya kupimwa, na jamaa zetu pia, ili kama mtu akitokwa damu nyingi kisuni awe na wa kumpa. Yote yaliandikwa kwa namba. Kila mmoja akavishwa shingoni kibati kwenye uzi. Akina Apolonia, jina langu, tulikuwa watatu na akina Mwanahamisi wawili, na kwa yule Sista mgeni sote tulikuwa sura moja. Alisoma kibati, hakusoma uso. Changu kilikuwa kumi na moja. Cha mtani wangu, kumi na nne.

Tadei alipotobolewa kidole alitetemeka kuliko mimi. Siku zile bonde zima lilijaa habari za mumiani, eti kuna watu wanakamata watu na kuwanyonya damu ikatengenezwe dawa. Tadei aliamini kabisa. Akiona gari lenye turubai aliingia majanini. Lakini alitoa kidole. Akaja kuniambia dirishani, "Damu zetu zinaelewana, wamesema." Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza kwa muda mrefu.

Bahasha zikafunguliwa siku ya tatu. Kumi na moja, kushona, kesho asubuhi. Kumi na nne, mpira, keshokutwa.

Dada, siwezi kukueleza hofu ile. Masikio yaliziba. Chakula cha mchana nilikitazama tu. Niliwaona watoto wangu watano wakigawanywa kama vyungu vya marehemu, huyu kwa shangazi, yule kwa mama mkwe. Nilitoka nikaenda bombani, nikajifanya nafua vitambaa. Mwanahamisi akanifuata.

"Mtani, unatetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa."

"Nitakufa," nikamwambia. "Nitafia mezani, najua."

"Na mimi wamenipa mpira!" akasema kwa hasira. "Nina watoto saba, nimemaliza kuzaa, nakaa ng'ambo ya mto. Masika ikija nitavukaje kuja kubadilishiwa mpira? Mimi nataka nishonwe niende zangu. Lo, mambo ya bahati haya!"

Kisha akanyoosha mkono, akanivua kibati shingoni. Akakivaa. Chake akanivisha mimi.

"Hicho changu," nikasema, lakini sauti ilitoka ndogo sana.

"Kilikuwa chako. Nimekichukua kwa utani. Thubutu kukidai!"

Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi. Nilijiambia, huu ni utani tu, mila ni mila, nani anamdai mtani? Ndivyo nilivyoufunika uoga wangu kwa kanga ya mila. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio: methali hiyo niliishika tangu utoto kama kitu cha kujisifia. Jioni ile nilikula chakula chote.

Asubuhi Sista akapita na karatasi, akasoma vibati, akamchukua kumi na moja. Mwanahamisi alipokuwa akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu alinikonyeza. Nikabaki kitandani nikijikunyata. Kwanza nilisikia raha. Ndiyo, raha, sitakuficha. Kisha raha ikaanza kuchacha. Kengele ya kanisa ikagonga, nikawaza, mbona wanakawia? Sista msaidizi akapita mbio na beseni lililofunikwa. Baadaye akapita tena. Nikashindwa kukaa. Nikatoka barazani.

Tadei alikuwa kwenye benchi la nje, amekunja mkono, pamba kwenye kiwiko. Uso wake ulikuwa wa majivu. Alikuwa anaomba rozari, yeye ambaye hata Pasaka husinzia. Akainua macho akaniona nimesimama. Rozari ikamdondoka.

"Apolonia?" Hakusema kwa sauti ya kuita mtu. Alisema kwa sauti ya kuuliza mzimu. "Si uko ndani?"

"Mkono wako umefanya nini?"

"Wamenitoa damu. Chupa nzima. Wamesema kumi na moja inavuja sana, mumewe aje." Akaugusa mkono wenye pamba. "Nilijua ni mumiani, mke wangu. Nilijua kabisa. Nikasema wachukue tu, wakuachie wewe. Sasa wewe... ndani yuko nani?"

Hapo ndipo akili ilipofunguka. Damu ya Tadei ilipimwa na yangu. Haikupimwa na ya Mwanahamisi. Siku ile ya vidole, ile sauti ya nyuma ya shuka ilikuwa imesema wazi kwamba damu zisizoelewana zikikutana ndani ya mtu, zinamuua.

Dada, nilisimama. Ningependa kuandika kwamba nilikimbia mara moja, lakini nilisimama. Niliwaza: nikisema, watanifukuza. Nikisema, watanilaza mimi pale mezani. Nikinyamaza, labda damu zao zinaelewana pia, nani ajuaye? Nilihesabu hayo yote huku mtani wangu anavuja. Muda ule ndio unaoniamsha usingizini mpaka leo, siyo kisu.

Kisha nikakimbia. Hatua ya nne kizazi kikatoka chote nje, nikakikamata kwa mkono mmoja juu ya kanga, nikaendelea, mkojo ukichirizika barazani mbele za wanaume. Tadei nyuma yangu, "Apolonia, huko haruhusiwi mtu!" Nikaupiga mlango wa chumba cha kupasulia kwa kiganja.

"Siyo mimi! Huyo siyo mimi! Huyo siyo kumi na moja! Msimpe damu!"

Mlango ukafunguka. Sista, barakoa usoni, macho yamemtoka. Nyuma yake nikaiona chupa imetundikwa, nyekundu, damu ya mume wangu, na mpira wake wa kupitishia damu ukining'inia kuelekea mkononi mwa Mwanahamisi. Nikashika kibati changu nikamwonesha, nikamwonesha yule mezani, nikavisha na kuvua hewani kama bubu. Mara dresa akaja mbio. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona. Kijana mwembamba, mweusi wa kung'aa, na sauti ile kubwa yote. Nikamwambia kwa pumzi moja.

Akaanza kuwatafsiria, na alipofika kwenye neno utani akakwama. Alijaribu mara mbili. Mwishowe akawaambia maneno mafupi tu, na daktari, ambaye hakuwa ameinua kichwa kutoka kwenye kazi yake, akasema neno moja. Sista akaukunja ule mpira na kuufunga kwa kibanio. Haukuwa umefunguliwa bado. Ulikuwa umebaki kufunguliwa tu.

Wakampima Mwanahamisi damu upya palepale. Ya Tadei ingemuua, dresa aliniambia baadaye. Na iliyoelewana naye ilikuwa ya dresa mwenyewe. Akakunja shati, akalala chini kwenye mkeka pembeni ya meza, akageuza uso ukutani ili asione uchi wa mama wa watu.

Mimi na Tadei tukarudi kwenye benchi. Akavua shati lake akanifunika miguu iliyolowa. Kisha akasema, "Nilikuwa nimekwisha kukuzika moyoni. Nimekulilia. Nimejutia dungu. Na wewe ulikuwa umelala wodini." Nilishika ule mkono wenye pamba nikaukumbatia, naye hakuuondoa.

Mwanahamisi alitoka hai. Alipata homa siku nane, nami nikamuuguza siku zote nane, nikimkanda kwa kitambaa, nikimwosha, nikimwomba Mungu wangu na wake. Siku ya tatu alifungua macho akanitafuta. Nilijiandaa kwa laana.

"Mtani mchoyo wewe," akasema, sauti kama ya karatasi. "Hata damu ya mumeo umeninyima."

Nililia mpaka Sista akaja.

Mwanahamisi alipopata nafuu, daktari alituita wote wawili. Dresa safari hii alisimama mbele, shuka halikuhitajika tena. Daktari hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alifungua daftari lake, akaweka rula, akapiga mstari juu ya kumi na moja na juu ya kumi na nne. "Anasema," dresa akatafsiri, "aliiomba bahati ichague, ninyi mkachagua. Anasema hata kama mtapona, kupona kwenu hakuwezi kumfundisha kitu. Wanawake watakaokuja hawatapata faida yenu." Mwanahamisi, mwenye neno kwa kila kitu, akavuta ushungi akajifunika uso.

Kisha akanigeukia mimi. "Anasema wewe sasa huna bahasha. Unaweza kuchukua mpira. Unaweza kushonwa. Unaweza kurudi nyumbani. Chagua mwenyewe."

Lo! Mpaka hapo nilidhani nimeshaogopa kila kitu cha kuogopa. Kumbe bahasha ilikuwa imenibebea mzigo. Nilizunguka na neno hilo siku mbili. Mpira ulitaka nije hospitali kila baada ya miezi kadhaa, na Michenga mwezi wa nne maji yanafika kiunoni. Nyumbani nilikujua. Nikawaza vile vitambaa sita chini ya mkeka. Nikamwambia dresa, "Kushona." Nikatapika hapohapo kwenye maua ya Sista.

Kama unakwenda, dada, sikiliza. Beba vitambaa vingi na mtu anayejua kukaa kimya. Wakikwambia wanajaribu, uliza wanajaribu nini, usione haya. Ukiogopa sema naogopa, maana una ruhusa ya kuondoka na hakuna atakayekupiga. Lakini ukikubali kukaa, kaa wewe mwenyewe, usimkalishe mwingine kwa jina lako. Hutashonwa ukawa msichana. Mimi wakati wa baridi nikikohoa bado yanatoka matone mawili matatu. Lakini nimerudi benchi la mbele, na mama mkwe amepata mambo mengine ya kusema.

Siku yangu ilipofika Tadei alikunja shati bila kuitwa. Wakanisukuma kupita mlango ule niliokuwa nimeupiga. Taa, meza, harufu. Sista alikuwa ameshika kile kitambaa cha dawa ya usingizi, lakini hakukiweka. Hakutazama kifua changu, ambako sasa hakukuwa na kibati chochote. Aliinama, akanitazama uso, muda mrefu, paji, macho, kovu la kidevuni, kisha kwa Kiswahili chake kipya kilichovunjikavunjika akauliza, "Ni wewe?"

Nilitaka sana kusema siyo.

"Ni mimi," nikasema.